Kitambaa Kisicholowa

4 Februari

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa barua kwa sababu kwenye simu umeshanishinda. Nimekupigia mara nne wiki hii. Mara mbili mtandao mbaya, mara moja uko mashineni, na mara ya nne alipokea wifi yangu akasema umelala, saa kumi na moja jioni. Wewe, ambaye utotoni ilibidi uchapwe ndipo ulale mchana! Basi barua haina mtandao mbaya. Nimempa dereva wa lori la vitambaa, na nimemwambia asiondoke mpaka akuone unaifungua.

Mama hajambo. Goti tu linamsumbua akiinuka, na kila akiinuka anamlaumu aliyemwambia akae. Mpwa wako ana mimba ya miezi saba na haambiliki. Juzi nimemkuta amesimama juu ya kiti anapangusa feni. Mumewe bado yuko mbali na kazi za barabara. Mimi ni mgongo na cherehani, kama unavyonijua.

Sasa nisikilize. Mwezi wa kumi na mbili alikuja mwanamke wa idara ya maji, mfupi, kabeba sanduku la barafu begani. Wanapima visima vya mtaa mzima. Alichota maji kwenye kisima chetu cha uani, akajaza chupa tatu, akatuaga vizuri. Wiki iliyopita amerudi, na safari hii amevaa glovu. Akatukusanya wapangaji wote wa nyumba saba akasema maji yale tusiyanywe wala tusiyapikie. Tukamwambia basi tutachemsha. Akasema ukichemsha yanapungua maji, sumu yenyewe haipungui. Ni kemikali za kuzuia maji na mafuta yasishike. Akazitaja zilipo: vikaango visivyoshika chakula, makoti ya mvua, mazulia, karatasi za kufungia vitafunio vya mafuta, vitambaa. Zikiingia ardhini zinakaa, zikiingia mwilini zinakaa miaka. Wenyewe wanaziita kemikali za milele, akasema, na hakucheka.

Halafu akauliza: hapa uani ni nani anayeshughulika na kitambaa kisicholowa?

Watu wote wakageuka kutazama dirisha langu, nilikotundika bibu za watoto, zile za kufunga shingoni wakati wa kulishwa, kumi na mbili kwenye kamba moja.

Nakuuliza maswali mawili tu. Hicho kitambaa unachoniletea kimepakwa nini? Na kwa nini miaka sita iliyopita, uliponiletea robota la kwanza, uliniambia nisikishone kabla ya kukiosha maji saba?

Nijibu kwa mkono wako mwenyewe.

Dada yako


27 Februari

Dada Fundi,

Shikamoo. Barua yako imefika na dereva alisimama kweli, kama askari, mpaka nikaifungua. Watu kazini wakadhani nimeshtakiwa.

Huku tunaendelea. Wifi yako anakusalimu sana na anauliza lini utakuja kutuona, maana anasema ahadi zako zina ndevu sasa. Mwanetu ameng'oka jino la mbele akalimeza pamoja na mkate; siku mbili nzima anatuuliza kama litaota tumboni. Mama mwambie namtafutia dawa ya kuchua ya goti. Mpwa wangu mwambie ashuke kwenye kiti, mjomba ndiye aliyesema.

Kazini tumeletewa roli mpya za kukamulia kitambaa na mimi sasa nasimamia zamu mbili. Nimekutumia robota dogo kwa dereva huyuhuyu, rangi ya maziwa, laini kuliko yote niliyowahi kukuletea. Litafaa shuka za kutandika chini ya watoto wachanga.

Kuhusu kisima, dada, usikose usingizi. Watu wa vipimo wasipokuta kitu watafanya kazi gani? Mtaa wenu una gereji, una mafundi rangi, una kila takataka. Dawa yetu ya kitambaa imepita kila mahali pa kupita. Ofisini kuna vyeti mpaka hakuna pa kutundika saa. Na maji saba nilisema kwa ajili ya harufu tu. Vitu vya kiwandani vina harufu, unajua mwenyewe.

Usimtie mpwa wangu wasiwasi katika hali yake. Tusigombane kwa maneno ya mgeni. Damu ni nzito kuliko maji.

Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu, na dawa ya goti haijafika. Hayo ndiyo mazuri niliyonayo leo.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka habari ya jino. Mara ya pili nilitafuta jibu. Mara ya tatu niliitafuta hasira yangu nikaikuta pale pale, inanisubiri.

Harufu? Mimi nimeshona miaka thelathini. Nimeshona kitambaa cha mafuta ya taa, nimeshona turubai la lori lililobeba samaki. Harufu inatoka kwa jua na maji mawili. Mtu hasemi maji saba kwa ajili ya harufu. Tena hukusema hivi hivi. Uliinua vidole saba mlangoni, uso umekukauka, ukarudia mara ya pili wakati mimi nimeshaitikia.

Na mimi nikatii. Unataka kujua nilivyotii? Nilinunua beseni kubwa la bati. Kila robota nililiosha pale pale kando ya kisima, ili nisibebe ndoo mbali. Maji ya kwanza yalikuwa yanatoa povu kabla sijatia sabuni. Nikasema kiwanda kimenisaidia sabuni, nikacheka peke yangu kama zuzu. Nikamwaga. Maji ya pili nikamwaga. Yote saba, miaka sita, hatua nne kutoka mdomo wa kisima, kwenye mfereji ule mbovu unaofyonza kila kitu. Umenifanya niwatilie watu sumu kwa mikono yangu, huku nikijisifia usafi.

Tuache harufu. Mwanamke wa maji ameniambia jambo moja nalo ndilo ninalolitaka kwako. Hizi kemikali ziko za aina nyingi mno. Maabara yao imeona zile za kawaida, lakini anaamini kuna nyingine ambayo hawajui waitafute kwa jina gani, na chujio linalokamata moja linaweza kuachia nyingine. Idara imekiandikia kiwanda chenu. Kiwanda kimejibu mstari mmoja: ni siri ya biashara. Siri ya biashara iko tumboni mwa Mama sasa, iko tumboni mwa mwanangu, na ndani ya tumbo la mwanangu kuna mtu mwingine.

Kwenye kila pipa kuna lebo, na kila dawa ya kiwandani ina karatasi yake ya maelezo. Wewe ni msimamizi. Niletee karatasi hiyo.

Robota lako la rangi ya maziwa linarudi na dereva huyuhuyu. Sijalifungua.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Tuko wazima. Natumaini na nyinyi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika matusi. Unaniandikia kama mwizi. Nani alikuletea vitambaa wakati cherehani yako imekaa miezi minne imefunikwa shuka? Mpwa wangu alimaliza shule kwa nini kama si kwa bibu hizo? Nyumba ya Mama iliezekwa kwa nini? Hukuuliza dawa siku hizo, dada. Ulisema mdogo wangu ana moyo.

Nimeweka sahihi kwamba nitakayoyaona ndani hayatoki nje. Sote tumeweka sahihi. Chumba chetu kina watu thelathini na mmoja, wengine wana watoto watano, wengine wanalea wazazi. Karatasi ikitoka watajua imetoka kwangu, maana kabati lina funguo mbili na moja ninayo mimi. Unataka nifukuzwe? Sema tu kwamba unataka nifukuzwe.

Mpwa wangu amejifungua? Hakuna aliyeniambia.

Mdogo wako


19 Aprili

Mdogo wangu,

Mpwa wako amejifungua tarehe tano, mtoto wa kike, kilo tatu kasoro kidogo, ana sauti. Mama na mtoto wazima. Huyo mwingine, Mama yetu, amempakata asubuhi mpaka jioni, goti limepona ghafla.

Nesi tumemweleza habari ya kisima. Amesema mtoto anyonyeshwe, asiachishwe, kilicho muhimu mama yake apate maji mengine. Basi mimi ndiye nayaleta, kama tangu tulipokatazwa kisima. Nachota bombani kwenye shule, mwendo wa dakika ishirini kwenda, thelathini na tano kurudi na madumu mawili. Nikifika, mwanangu ananiuliza kwa sauti ndogo: "Mama, na yale niliyoyanywa miezi saba yote kabla hatujaambiwa?" Nimjibu nini? Nimwambie mjomba wako ameweka sahihi?

Uliyosema juu ya cherehani na shule na paa ni kweli. Nimekula kwa vitambaa hivyo na sikuuliza. Hilo langu nalibeba. Lakini mimi sikuuliza kwa kutojua, na kila ninavyokusoma naona wewe hukusema kwa kitu kingine. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hawakusema kwamba mchumaji atajaza sahani za wenzake halafu yeye ashibe kimya.

Nimeacha kushona kitambaa chako. Tangu wiki iliyopita nazunguka mlango kwa mlango kuzikusanya bibu na shuka za watoto nilizoshona. Mama mmoja amenicheka, anasema ni nzuri mno, uchafu haushiki hata kidogo. Ndiyo, dada, nikamwambia, ndiyo ubaya wake. Mwingine, mama wa mapacha wa nyumba ya tatu, hakucheka. Alizileta zote nane zimekunjwa, akaniuliza nani aliyekuwa ananipa kitambaa. Nikamwambia ni mfanyabiashara mmoja wa mbali. Nimedanganya kwa ajili yako mbele ya mwanamke ambaye wanawe wamelamba bibu zangu mwaka mzima.

Sirudii tena. Tarehe tatu Mei mwanamke wa maji anafanya mkutano hapa uani. Nikiulizwa, nitasema ni mdogo wangu, tumbo moja. Kama una neno la mimi kuwaambia, liwe limefika kabla ya hapo.

Dada yako


8 Mei

Dada,

Najua mkutano umeshapita. Sikuchelewa kwa bahati mbaya. Nilikaa na barua yako kwenye mfuko wa suruali wiki mbili nikisubiri tarehe tatu ipite ili nisiwe na la kufanya. Tarehe tatu ikapita na la kufanya likabaki.

Wifi yako na mtoto hawajambo. Salamu nyingine sina uso wa kuzileta.

Chumba chetu tunakiita bafuni, kwa sababu ndimo kitambaa kinamoogeshwa. Kinapita kwenye beseni refu la dawa, kinakamuliwa na roli mbili, kinaingia tanurini. Joto la tanuri ndilo linaloishikisha dawa kwenye uzi. Siku umeme unapocheza joto linashuka, kitambaa kinatoka kizuri kwa macho lakini dawa imekaa juu juu tu, ukikiosha inatoka. Hicho hakiuziki. Kinatupwa kwenye rundo la kukataliwa. Hilo rundo ndilo nililokuwa nakuletea, dada. Kilichopikwa sawasawa kilienda madukani. Kilichokuwa tayari kukuvujia mikononi kilikuja kwako, na mimi nikakuambia uoshe.

Miaka sita iliyopita alikuja fundi wa wale wanaotuuzia dawa, kurekebisha pampu. Alivaa glovu mpaka kwenye kiwiko na kitu cha kufunika pua. Sisi tulikuwa tunakoroga mikono wazi. Nikamtania, nikamwambia bwana harusi, unaogopa nini? Akaniuliza kama nina watoto. Nikasema mke wangu mjamzito. Akasema nguo za kazi usiende nazo nyumbani, na hicho kitambaa usimfunike mtoto. Akarudi kwenye pampu yake. Wiki ile ile nikakuletea robota la kwanza, kwa sababu cherehani yako ilikuwa imefunikwa shuka na sikuwa na kingine cha kukuletea. Nilipofika mlangoni kwako nilitaka kukuambia. Nikainua vidole saba. Nilidhani nimekuambia.

Tangu siku ile nguo zangu za kazi zinalala kiwandani. Kikaango kisichoshika nilikitoa nyumbani kwangu, na koti la mvua la wifi yako, na zulia dogo la sebuleni. Nilimwambia nimechoka na rangi zake.

Kuna jingine na nitaliandika haraka. Mwanetu alipozaliwa ulitushonea bibu sita zenye ndege pembeni. Nilizipokea mbele ya wifi yako nikakushukuru. Kesho yake asubuhi nikazifunga kwenye mfuko nikaenda kuzitupa kazini. Wifi yako nilimwambia zimeibwa kwenye kamba. Hajajua mpaka leo. Nitamwambia nikimaliza barua hii.

Unajua kinachonikera zaidi? Kuna dawa nyingine, ya nta. Tuliijaribu mwaka juzi. Maji hayapiti hata tone. Mafuta ndiyo yanashika. Wakubwa wakaikataa, wanasema mteja hataki doa la mafuta. Bibu ya mtoto, dada! Kazi yake ni kushika doa! Nilikuwa kwenye kikao hicho. Niliitikia kwa kichwa kama wengine.

Ndani ya bahasha kuna lebo niliyoibandua kwenye pipa la buluu, na karatasi ya maelezo, kurasa tisa, nakala niliyopiga mwenyewe. Nakala nyingine nimeipeleka idara ya maji ya huku na jina langu nimeliandika juu kwa herufi kubwa. Ya tatu nimeibandika bafuni, juu ya beseni, wale thelathini waisome. Jana geti halikufunguliwa kwangu. Mlinzi amenipa viatu vyangu kupitia kwenye nondo.

Hujaniuliza kama najuta, na mimi sitaki ulisome hapa ukadhani ndilo nililoandikia barua.

Mdogo wako


20 Mei

Mdogo wangu,

Mama hajambo, mpwa wako hajambo, mtoto anaongezeka. Sisi wote tunakunywa maji ya kubebwa.

Bahasha imefika. Sikuisoma nikiwa nimekaa. Nilikwenda nayo mwenyewe idarani, nikamkuta mwanamke wa maji anakula mkate, akauacha. Ukurasa wa nne ndipo lilipokuwa jina walilokuwa hawalijui. Sasa maabara inajua inatafuta nini, na wanasema kuna chujio la mkaa maalumu linaloweza kuikamata. Wataliweka kwenye bomba watakalotuvutia mtaa huu. Kisima chetu kimefungwa kwa zege, hakitafunguliwa. Kiwanda kimeandikiwa tena, na safari hii hawakuulizwa, wameambiwa. Kama watatii sijui. Watu thelathini wa bafuni wamegoma kutia mikono kwenye beseni, dereva ndiye aliyenieleza.

Ulilofanya ni la mtu mzima. Umepoteza kazi kwa ajili yake, na nimewaambia watu hivyo. Nimemaliza kukusifu.

Sasa nikueleze mkutano wa tarehe tatu, ambao uliungoja upite. Nilisimama mbele ya nyumba zote saba. Nikasema kitambaa kilitoka kwa mdogo wangu na maji niliyamwaga mimi. Hakuna aliyenitukana, na ningependa wangenitukana. Fundi viatu wa nyumba ya nne alitazama chini. Mama wa mapacha ndiye aliyeuliza, taratibu kabisa: "Huyo mdogo wako, alijua?"

Nikamwambia hakujua.

Sikuwa nakudanganyia safari hii. Niliamini. Nilijiambia amesikia neno moja kiwandani, akaogopa, hakuelewa. Angeelewa asingeniletea mimi, asingemletea Mama. Nilisema hivyo kwa sauti, mbele ya watu. Mama wa mapacha akanishika bega, akasema basi, kama hakujua tutafanyaje, naye ni kama sisi. Akalia, na mimi nikalia. Walikusamehe, mdogo wangu, uani pote, jioni ile ile.

Siku tisa baadaye nikasoma habari ya bibu sita zenye ndege.

Nilizishona usiku na mchana zile bibu, wewe ndiye uliyeniambia mtoto anakaribia. Za mwanao ulizifunga kwenye mfuko ukazitupa. Za watoto wa wenzako ukaendelea kuniletea kitambaa chake kwa lori, robota baada ya robota, na salamu ndani. Kutojua ningekutetea mpaka kaburini. Hili sina pa kulishika.

Hapa uani bado wanakusalimu. Mama wa mapacha ameniuliza jana kama umepata kazi nyingine, maskini. Anasema akipata nafasi atakuombea kwa shemeji yake mwenye karakana. Nimeshindwa kumtazama usoni.

Nimewaita wote tena Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Nimewaambia kuna mtu atasema nao. Sikuwaambia ni nani. Mimi nimeshasimama mbele yao mara moja na nikasema uongo bila kujua, sisimami tena. Kazi huna, kwa hiyo usiniambie uko mashineni. Panda gari uje, usimame hapo kwenye zege, na uanze na bibu za mwanao.

Dada yako